Fremu Nyeupe ya Usharika

Jumapili, 10 Novemba 2024

Nimelipata daftari la maandalio ya somo la mwaka niliostaafu. Zaidi ya nusu ya kurasa zake ni tupu. Nitaandika humu, maana nyumba hii sasa ina mtu mmoja tu anayeongea, na mtu huyo ameshachoka kujisikiliza.

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo hapa Ibaba. Sikwenda kanisani. Nilimgeuza mume wangu Danieli, nikamsafisha, nikamlisha uji, nikamfuta, nikamgeuza tena. Kiharusi kilimpiga tarehe tatu ya mwezi uliopita, upande wote wa kulia: mguu, mkono, mdomo. Maneno yamekwenda, limebaki moja tu, "haya". Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Ukimuuliza kama anasikia baridi, haya. Nilimuuliza kama ananijua mimi ni nani, akasema haya.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Septemba, baraza la wazee wa kanisa lilimtenga. Alipepesuka mbele ya watu akihubiri, ulimi ukawa mzito, wakasema mwinjilisti amekunywa pombe ya komoni. Alipoanguka Oktoba hawakubadilisha neno. Walisema pombe ndiyo iliyomletea kiharusi. Kwa hiyo akifa kabla ya kurudishwa kundini, tutamzika wenyewe wanafamilia, bila mchungaji, bila kwaya, bila kengele. Danieli ambaye kwa miaka kumi na tisa amezika watu wa kata hii kwenye tope na kwenye vumbi. Hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Alasiri akaja Mzee Nsajigwa, mwenyekiti wa baraza, na mwavuli wake. Hakuingia ndani. Alikuja kukagua pikipiki aliyokuwa akiitumia Danieli, maana ni mali ya usharika. Waliipaka fremu rangi nyeupe ili mwizi akiiba ijulikane hadi Tunduma. Aliinama, akaangalia chini ya tangi.

"Mama Gloria, unayaona madoa haya?"

"Nayaona, Mzee."

"Mtu mwenye akili zake timamu anamwaga petroli namna hii?"

Alisema mvua zikikatika watampa mwinjilisti mpya, na wangependa kuikuta safi. Nikajibu kwamba itakuwa safi. Nilijibu kwa kiburi kabisa, utadhani nina nguvu za kubakiza.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeanza. Madoa yanaanzia kwenye kifuniko cha tangi, yanateremka, yanafika kwenye lile bomba kuu la fremu, yanafuata bomba mpaka kwenye boliti za injini. Mengine ni ya njano kama chai hafifu, mengine yamekuwa kahawia na rangi imefubaa kabisa. Nimetumia sabuni ya unga na maji ya moto, saa nzima. Tope limetoka. Madoa yametulia palepale, sasa yanaonekana vizuri zaidi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mafuta ya taa na kitambaa. Grisi ya cheni imetoka. Madoa hapana. Mikono inanuka, Danieli amegeuza uso nilipomlisha.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimepanda maharage mistari sita. Mgongo.

Jumapili, 1 Desemba

Leo Mchungaji Efraimu alikuwa aje kutoka Itumba kukaa na baraza juu ya jambo la Danieli. Niliandika barua ya kuomba asikilizwe upya, nikaambatanisha karatasi ya mganga wa zahanati inayosema ni shinikizo la damu. Nilivaa tangu asubuhi, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango. Saa nane habari ikaja kwamba gari limenasa kwenye tope, mchungaji amerudi. Baada ya Krismasi, wamesema.

Nilivua nguo, nikafua mashuka.

Jumatano, 4 Desemba

Nimefanya ujinga. Nilisugua kwa majivu, kama tunavyosugua sufuria. Kipande cha bomba chini ya kiti sasa kina mikwaruzo midogo midogo, na doa limo ndani ya mikwaruzo. Nilikasirika nikamwambia Danieli kupitia dirisha, "Ulikuwa unamwaga mafuta kama unamwagilia bustani!" Akanijibu, haya. Nikaona aibu.

Jumatano, 25 Desemba

Kwaya ilipita nyumba kwa nyumba alfajiri kama kila mwaka. Miaka yote huanzia kwetu, kwa mwinjilisti, na mimi huwa nimeshachemsha chai ya kuwapa. Leo waliimba kwa jirani wa juu, kisha wakaimba kwa jirani wa chini. Niliwasikia wakipita mbele ya ua wetu, wakapunguza sauti, kisha wakapandisha tena walipovuka. Danieli alikuwa macho. Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande mzima.

Nilikuwa nimechemsha chai. Nimeimwaga.

Jumatano, 8 Januari 2025

Nimeharibu zaidi. Niliomba thina kidogo kwa fundi seremala, nikalowesha kitambaa, nikasugua. Doa lilitoka mara moja, nikafurahi kama mtoto, kisha nikaona kitambaa chenyewe ni cheupe. Rangi ilikuwa inatoka. Sasa fremu ina sehemu nyeusi ukubwa wa kidole gumba, karibu na shingo ya usukani. Nimekaa chini kwenye tope na nguo yangu nzuri, nikalia. Sikulilia pikipiki peke yake.

Ijumaa, 10 Januari

Gloria, binti yangu, amepiga simu kutoka Tunduma. Anauza samaki wakavu karibu na mpaka, na nyuma yake siku zote nasikia malori na Wazambia wakibishana.

"Mama, achana na hiyo pikipiki. Hao wazee wanazingua tu. Waje wasafishe wenyewe."

"Nimeshawaambia itakuwa safi."

"Kwani umewakosea nini?"

Nikasema mtandao unakatakata, nikakata simu.

Jumapili, 19 Januari

Baraza halikukaa. Kuna msiba kwa mmoja wa wazee.

Jumatano, 22 Januari

Gloria ameniletea kompaundi ya kung'arishia rangi, kikopo kidogo, kwa mkono wa dereva wa Noah ya abiria. Amemuuliza fundi rangi wa huko. Maelekezo ameandika kwenye karatasi ya kufungia samaki: osha, kausha kabisa, kompaundi kidogo kama punje ya hindi, kitambaa cha fulana kuukuu, zungusha duara ndogo ndogo, usibonyeze, futa, angalia, rudia. Mwisho ameandika, "Fundi anasema usiwe na haraka, petroli imeingia ndani ya rangi, unaitoa tabaka kwa tabaka."

Nimejaribu sehemu ndogo, upana wa vidole viwili. Baada ya nusu saa, doa limepauka. Limepauka kweli.

Jumapili, 26 Januari

Akina mama wa maombi wamekuja kutuona, sita. Wakiongozwa na Agnes, mke wa Mzee Nsajigwa. Yule mama ana macho yanayohesabu kila kitu kwenye nyumba ya mtu. Aliangalia mashuka, akaangalia meno ya Danieli, akaangalia kucha zangu zenye kompaundi. Wakapiga magoti, Agnes akaomba kwa sauti: "Bwana, tunaleta mbele zako hitaji la mama yetu Tumpale, kama alivyotuambia."

Kama alivyotuambia. Mimi, Tumpale, sikufumba macho. Nilimwangalia kichwani, nikamchukia kwa moyo wote, nikiwa nimepiga magoti.

Jumapili, 2 Februari

Mvua siku nne mfululizo. Daraja limesombwa. Baraza hapana.

Jumatano, 5 Februari

Kompaundi, saa moja na nusu. Upana wa kiganja.

Ijumaa, 7 Februari

Kompaundi. Danieli amekohoa akinywa maji.

Jumanne, 11 Februari

Leo nitaandika yote, hata kama mkono utakufa ganzi.

Nesta alikuja saa nne, amebeba unga wa ulezi. Nesta ndiye anayeuza petroli kwenye chupa za maji pale njia panda. Huku hatuna kituo cha mafuta, kila mwenye pikipiki anakwenda kwenye meza yake. Si mtu wa kanisa, wala wa kanisa lolote, na komoni anauza pia, kwa hiyo watu wetu wananunua kwake lakini hawamsalimii sana. Nilikuwa uani nikizungusha kitambaa. Akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Pole na kazi, mama."

"Nimeshapoa."

"Umesugua tangu lini?"

"Tangu Novemba. Baba yenu alikuwa anamwaga tu, kama hana macho."

Akachuchumaa karibu yangu, akashika fremu. "Mwe, mama. Macho alikuwa nayo. Mkono ndio haukuwepo."

Nikaacha kusugua.

Akaniambia hivi. Danieli siku zote alijaza tangi mwenyewe. Mkono wa kulia chupa, wa kushoto faneli yenye kitambaa cha kuchujia, na kwa miaka yote Nesta hakuwahi kuona tone likidondoka. Kisha mwezi wa tano mwaka jana, akamwona amechukua chupa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unaning'inia. Faneli haikuwa na wa kuishika, akamimina hivyo hivyo, nusu ikaingia na nusu ikateremka kwenye fremu. Nesta akamwambia, lete nikumiminie, Baba Mwinjilisti. Akakataa. Siku nyingine mkono ulikuwa unarudi, siku nyingine unakwenda. Ulimi nao vivyo hivyo.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Alinikataza. Alisema wakijua, usharika utachukua pikipiki, na vijiji vya bondeni vitakosa mtu wa kuwazika. Halafu akasema," hapo Nesta akaangalia chini, "akasema, Mama Gloria amechoka, usimwongezee."

Nesta aliondoka. Nilimfuata mganga wa zahanati kwenye mvua, nikamuuliza. Akasema ndiyo, inawezekana kabisa, viharusi vidogo vidogo hutangulia, mtu anakosa nguvu saa chache au siku chache, anapepesuka, ulimi unakuwa mzito, kisha anapona kidogo. Angeletwa mapema, angepewa dawa.

Angeletwa mapema.

Sasa nitaandika lile ambalo nimelizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Agosti, Jumatano, kwenye maombi ya akina mama. Kwa kawaida tunakaa mduara, kila mmoja anataja hitaji lake ili wenzake walibebe. Aliyekuwa mbele yangu alitaja mtoto mgonjwa. Zamu yangu ikafika. Wiki ile Danieli alikuwa amevunja vikombe viwili, amemwaga petroli kwenye ngazi ya mlango, amenijibu kwa ulimi mzito nilipomsema, na mimi nilikuwa nimerudi shambani na gunia la viazi kichwani. Nikasema: "Mniombee kwa ajili ya mume wangu. Naogopa ameanza kunywa."

Sikuwa nimenusa pombe kwake hata siku moja. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, hata siku moja. Nilijumlisha mwenyewe, petroli na vikombe na ulimi, nikapata pombe. Na nitasema ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: nilitaka waniambie pole. Katika maombi huwezi kusimama ukasema nimemchoka mume wangu. Lakini ukisema mume anakunywa, kila mtu anakushika bega.

Walinishika bega. Baada ya wiki tatu wazee wakamwita.

Mimi nilikaa nyumbani siku waliyomhukumu. Nilisema naumwa kichwa. Danieli aliporudi alikaa kwenye ngazi na kuvua viatu, kwa mkono wa kushoto. Niliuona huo mkono wa kushoto. Sikuuliza.

Jumatano, 12 Februari

Sijagusa pikipiki.

Jumapili, 23 Februari

Baraza tarehe 30 Machi, daraja likishatengenezwa. Mara hii mchungaji ameandika kwa mkono wake.

Jumanne, 4 Machi

Danieli ana homa. Chakula kinapotea njia kinaingia kifuani, mganga amesema, ndiyo maana anakohoa. Amepewa sindano. Ameniambia nimwinue kila anapokula na nimpe vitu laini tu. Nilimuuliza ana muda gani. Akasema, "Mama, mimi si Mungu," akaandika kitu kwenye kadi na hakunitazama.

Tarehe 30 iko mbali.

Alhamisi, 6 Machi

Homa. Sindano. Mahindi yameanza kuota ndevu na sijapalilia.

Jumatatu, 10 Machi

Homa imeshuka. Nimerudi kwenye fremu. Sijui kwa nini naendelea, sasa ninapojua kila doa ni nini. Hili la kahawia ni Mei au Juni, limekaa muda mrefu zaidi. Haya ya njano ni Agosti, Septemba. Nazungusha kitambaa, Agosti inapauka. Ninakasirika naye kwa kunificha, kisha nakumbuka ni mimi niliyefichwa kwa sababu ya uchovu wangu, hasira inakosa pa kukaa.

Jumamosi, 15 Machi

Doa la mwisho, chini kwenye boliti. Mabega yamekufa. Nimepaka rangi nyeupe kidogo pale nilipochubua kwa thina. Fremu ni nyeupe. Ukiiangalia huwezi kujua kwamba kuna mtu aliyewahi kupata shida juu yake.

Jumapili, 30 Machi

Baraza limekaa.

Pikipiki tuliisukuma mimi na Nesta, tangu nyumbani mpaka kanisani, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Watu walisimama kuangalia mke wa mwinjilisti na muuza komoni wakisukuma chombo cha usharika. Tukakiegesha mbele ya mlango. Nesta alibaki nje, hakuna aliyemkaribisha.

Mchungaji Efraimu ni mtu mpole, mwembamba, alikuwa na tope mpaka magotini. Alisoma barua yangu na karatasi ya mganga. Mzee Nsajigwa akasema karatasi inasema shinikizo la damu, haisemi shinikizo limeletwa na nini. Akasema wao kama wazee waliona kwa macho: kupepesuka, ulimi, na pikipiki imelowa petroli kila wiki. Sikuona kama anasema kwa chuki. Alikuwa anasema alichokiona.

Nikaomba watoke nje. Walitoka wote tisa. Mzee Nsajigwa akaizunguka pikipiki, akasema, "Hii ni kazi, Mama Gloria. Imekuwa mpya."

"Asante, Mzee. Naomba uijaze."

"Niijaze mimi?"

Nesta akampa chupa ya petroli. Nikamwomba Mzee aweke mkono wa kulia mfukoni mwa koti na asiutoe, amimine kwa kushoto. Alimtazama mchungaji. Mchungaji akaitika kwa kichwa. Mzee Nsajigwa hajanywa pombe tangu abatizwe, kila mtu pale anajua, na mkono wake ni mkono wa fundi mashine ya kusaga. Aliinamisha chupa taratibu, kwa makini sana. Ikaingia vizuri mwanzoni. Kisha chupa ikagugumia kama zinavyofanya zote zikifika nusu, ikaruka, na petroli ikateremka kwenye tangi, ikafika kwenye bomba, ikafuata fremu yangu nyeupe mpaka kwenye boliti. Palepale. Miezi minne yangu, palepale.

Nesta akasimulia, kwa maneno machache, mkono ulivyokuwa. Mara hii walimsikiliza.

Tuliporudi ndani Mzee Nsajigwa alikuwa ananusa vidole vyake. Akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "Mchungaji, kama ni mkono, basi tumemkosea mtu wa Mungu. Lakini neno la pombe sikuliokota njiani. Lilitoka kwenye maombi ya akina mama. Mke wangu ndiye aliyeniambia."

Mchungaji akamgeukia Agnes, naye ni mzee wa kanisa, alikuwa amekaa pembeni. "Mama, ulilitoa wapi?"

"Lilisemwa kwenye maombi."

"Na nani?"

"Mchungaji, mwenye hitaji la maombi hatajwi. Nilimwambia mume wangu ili tuombe wote. Hapo nilikosea. Lakini aliyeleta simtaji."

"Unajua kwamba usipomtaja, ni wewe uliyeleta uongo mbele ya baraza?"

"Najua."

Hakuniangalia hata kidogo. Agnes niliyemwita mmbeya kwenye daftari hili, kwa maneno mengine, alikuwa anakaa kimya kwa ajili yangu, yuko tayari kutengwa. Alitazama ukutani tu, mikono juu ya magoti. Nilihesabu mbao za dari. Nilijiambia jina la Danieli limeshasafika, hilo ndilo nililotaka, kaa kimya, umechoka, hakuna atakayejua.

Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema anakunywa. Sikuwa na ushahidi."

Mzee mmoja akauliza, "Mke wake?" kana kwamba kulikuwa na Tumpale wawili.

Walinitoa nje, wakajadiliana. Nesta alinipa maji kwenye chupa, yalikuwa na harufu ya petroli, nikanywa. Waliponiita, mchungaji alisoma akiwa amesimama. Danieli amerudishwa kundini tangu leo, na itatangazwa kwenye ibada. Agnes ameonywa. Mimi nimetengwa kwa muda wa miezi sita kwa kumshuhudia mume wangu uongo: sitashiriki Meza ya Bwana, sitasimama na akina mama, nitakaa benchi la nyuma. Aliuliza kama nina neno. Nikasema sina.

Mlangoni Agnes alinisubiri. "Ungenyamaza tu," akasema.

"Nilinyamaza vya kutosha."

Akaniambia kesho atakuja kupalilia mahindi yangu.

Jumatatu, 31 Machi

Amekuja kweli, na jembe lake. Mistari kumi.

Jumanne, 1 Aprili

Mzee Nsajigwa amekuja na ameingia mpaka chumbani, mara ya kwanza tangu Septemba. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa kulia wa Danieli, ule usio na uhai, akawa anavikunja na kuvikunjua vidole kimoja kimoja. Hakusema lolote la maana. Aliongea habari za bei ya pareto. Wakati wa kuondoka akaniuliza kwa sauti ya chini kama kompaundi imebaki, anataka kusafisha alipomwaga. Nikampa kikopo chote.

Jumapili, 6 Aprili

Leo nimemwambia Danieli. Nilimkalisha, nikaweka mito, nikakaa mbele yake ili anione. Nikamweleza yote, maombi ya Agosti, vikombe, viazi, na maneno niliyosema. Nikamweleza na adhabu. Nilisema taratibu kama nilivyokuwa nikiwafundisha darasa la tatu.

Aliniangalia muda mrefu. Akasema, "Haya."

Sijui ilikuwa haya ipi. Nimekaa siku nzima nayo.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua ndogo, ya kukatika. Nilikaa benchi la nyuma na akina mama wenye watoto wachanga. Jina la Danieli lilitajwa kwenye maombi, mwinjilisti wetu, mgonjwa wetu. Kifua chake kinatoa mlio usiku na mchana. Mganga hasemi tena habari za sindano.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya ibada walikuja nyumbani kumpa Danieli Meza ya Bwana: Mchungaji Efraimu, Mzee Nsajigwa aliyebeba chombo, Agnes, na kwaya yote uani, wamejaa mpaka kwenye mahindi. Waliimba kwanza. Danieli alikuwa amevaa shati jeupe, nilikuwa nimelipiga pasi.

Kwa sababu ya kumeza, mchungaji aliloweka kipande cha mkate kwenye divai na kukiweka kwenye kijiko. Akaniambia, "Mama, mshike kichwa." Nikakaa nyuma yake, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamshika kidevu kama ninavyofanya kila siku.

Kijiko kikafika mdomoni. Danieli akafunga mdomo.

Mchungaji akasubiri, akajaribu tena. Akafunga tena, akageuza macho juu kunitafuta. Mzee Nsajigwa akanong'ona kwamba labda amechoka. Mimi nilielewa. Tangu Oktoba sijampa chakula chochote bila kuonja kwanza mbele yake, nijue hakijaunguza, na yeye hafungui mdomo mpaka ameniona nimeonja. Alikuwa ananisubiri.

Kijiko kilikuwa karibu na midomo yangu kuliko yake. Mchungaji alinitazama, nikaona kwamba ameelewa pia, na kwamba hana la kufanya.

Nikainama sikioni mwa Danieli. Nikamwambia nilivyokuwa nikimwambia Gloria akiwa mdogo, miaka ile ya njaa, sufuria ilipokuwa na cha mtu mmoja.

"Kula wewe. Mimi nimeshiba."

Akafungua mdomo.